Gari Lisilo na Klachi

Kabla mume wangu hajaumia, sikuhitaji saa jikoni. Pikapu yake ya dizeli ilikuwa na mlio wake wa kikorofi, ikikohoa kila alipobadilisha gia, na mimi niliusikia tangu akiwa bado upande wa sokoni. Nikiusikia tu, nabandika maji. Mpaka ashushe magunia, anawe, aulizie habari za watoto ambao wote ni watu wazima, chakula kipo mezani. Tuliishi hivyo miaka mingi bila hata mmoja wetu kuusemea utaratibu huo. Mara nyingine nilimlalamikia kwamba gari lake linawaamsha majirani.

Maisha tuliyagawana namna hii: mimi mashine ya kukoboa mpunga, yeye barabara. Msimu wa mavuno ukifika alizunguka Katindiuka na maeneo ya jirani kukusanya mpunga wa wakulima, wengi wao akina mama, akauleta kwangu Ifakara tukaukoboa. Mchele akaupeleka Kidatu kwa wateja wetu wanaofanya kazi kwenye mashamba ya miwa. Kabla ya hapo alikuwa dereva wa basi njia ya Mikumi. Ukimuuliza yeye ni nani, hakukwambia ni mkulima, wala mfanyabiashara, wala baba wa watoto wanne. Alikwambia, "Mimi dereva," na mazungumzo yakaishia hapo.

Kilichomuumiza ni gunia la rumbesa, yale yanayoshindiliwa mpaka yanaota kichwa juu. Liliporomoka kutoka kwenye lundo likamwangukia goti la kushoto. Hospitali walimtibu vizuri, nawashukuru mpaka leo, lakini daktari alituambia wazi kwamba mguu utatembea kwa msaada wa fimbo, ila nguvu ya kukandamiza klachi hautaipata tena. Mume wangu akauliza, "Hata kidogo?" Daktari akasema, "Mzee wangu, pumzika sasa. Umeendesha vya kutosha."

Neno hilo, pumzika, lilimwandama mwaka mzima. Watoto wakipiga simu: pumzika, baba. Majirani wakipita: pumzika, mzee. Mchungaji alikuja kumfariji akamwambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mume wangu akamjibu, kwa heshima zote, kwamba koleo likivunjika mhunzi hununua jingine, kwa hiyo amwonyeshe duka la magoti. Mimi nami nilimwambia apumzike, tena kwa ukali. Nilikuwa nimemkuta amekaa ndani ya pikapu iliyozimwa, mguu wa kushoto juu ya klachi, analisukuma goti kwa mikono miwili huku jasho likimtoka. Nilimfokea mpaka mashine ikasimamishwa watu wasikilize. Kwa kweli niliogopa, na mimi nikiogopa hufoka.

Basi akakaa barazani. Tuliajiri madereva, mmoja baada ya mwingine, na yeye akawa anawaendesha kwa masikio. "Anaua klachi huyo." "Gia ya tatu hiyo, mwanangu, unangoja nini?" "Haya, amelipeleka shimoni." Walikuwa hawamsikii, nilimsikia mimi. Na alikuwa na haki, maana mwaka ule tulibadilisha klachi mara mbili, na dizeli ilikuwa ikiisha kwa namna ambayo hata gari lenyewe lisingeweza kueleza. Halafu siku moja dereva alikwangua gia mbele ya nyumba yetu, mlio wa kumtoa mtu meno, na mume wangu hakusema kitu. Alikuwa akitazama kuku. Siku zile aliacha kunyoa ndevu, akaanza kulala mchana, akaacha hata kugombana na mimi. Hapo ndipo niliposema moyoni: huyu asiporudi barabarani atanifia hapa barazani, tena bila ugonjwa wowote.

Wazo la pikapu ya umeme lililetwa na binti yetu wa mwisho. Alisomea uhasibu Morogoro kisha akarudi kunisimamia hesabu za mashine, na ana tabia ya kuniletea habari mbaya wakati nakula. "Mama, dizeli inatumaliza," akasema. Akaanza kunieleza kwamba yapo magari ya umeme yanayobeba mzigo, kwamba hela ya dizeli ya safari moja ya Kidatu kwenda na kurudi ingetununulia umeme wa safari kadhaa, na kwamba umeme wa mashine tunao tayari, kazi ni kulichaji jioni tukishafunga. Hakuna kumwaga oili. Hakuna nozeli. Hakuna chujio. Nilikuwa namsikiliza kibiashara, nikitafuta mahali pa kumkatalia, maana bei ya kulinunua ilinipa kizunguzungu.

"Wala hakuna klachi," akamalizia.

Nikaacha kula. "Rudia hapo."

"Hakuna klachi, mama. Hakuna gia za kubadilisha. Pedali ni mbili tu, zote za mguu wa kulia."

Nilitazama barazani. Mume wangu alikuwa ametugeuzia mgongo, anatazama kuku wake. Watu walishawahi kumtajia gari la gia otomatiki akasema hayo ni ya kupeleka maharusi kanisani. Lakini hili lilibeba magunia. Tangu dakika ile, hesabu za binti yangu zilikuwa za bure. Ningelinunua hata kama lingekunywa asali. Tuliuza pikapu ya dizeli, tukauza na kiwanja nilichokuwa nikikitunza kwa ajili ya uzee. Nilijiambia uzee wenyewe ndio huu, umekaa barazani.

Gari lilikuja kutoka Dar likiwa limepakiwa juu ya lori, kwa sababu njiani hakukuwa na mahali pa uhakika pa kulichaji. Hilo lilituharibia jina. Jirani yetu alikuja mbio na kanga mkononi: "Jamani poleni! Limeharibikia wapi?" Mume wangu aliegemea fimbo yake akalizunguka mara moja, akaligonga tairi kwa fimbo. "Gari gani linabebwa?" akauliza. "Na mkilileta hapa mnalichaji kama simu?"

"Linakunywa maji ya Ruaha, baba," binti akamwambia. "Si umeme unatoka bwawa la Kidatu?"

"Basi likapelekwe mtoni." Akarudi kukaa.

Jioni ile tulilichomeka kwenye umeme mashine ikiwa bado inakoboa, kwa sababu nilikuwa na haraka. Fyuzi iliruka kwa kishindo, mashine ikazima na mpunga wa watu tumboni, na kutoka barazani nikasikia mtu akisafisha koo. Tangu hapo ni zamu: mchana mashine, usiku gari.

Safari ya kwanza ya Katindiuka aliendesha binti yetu. Aliondoka asubuhi, msimu umepamba moto, kila nyumba ina mpunga. Alirudi na magunia matatu na uso wa mtu aliyefiwa. "Nimezunguka kote, mama. Hakuna aliyetoka, ila hawa niliowakuta njiani."

Nilikuwa bado nashangaa niliposikia sauti ambayo nilishaisahau. Mume wangu alikuwa anacheka. Alicheka mpaka fimbo ikamwanguka. "Mmepita kimyakimya kama wezi wa kuku," akasema, akifuta macho, "nani atoke?" Akatueleza jambo ambalo sote tulilijua bila kulijua. Wale akina mama hawakai barabarani kungoja gari. Wako nyuma ya nyumba wanapepeta, wako mgahawani, wako shambani kwa jirani. Kila mmoja anazijua pikapu kwa mlio, ya mashine hii na ya mashine ile, na akiusikia wa kwetu ndipo anapoburuta magunia mpaka njiani. Sasa gari letu lilipita mbele ya milango yao na hata mbwa hawakulibwekea.

"Sasa tufanye nini, baba?"

"Mnahitaji kelele," akasema. Kisha, baada ya kufikiri: "Kesho nitakwenda nipige kelele."

Ndivyo alivyoingia kwenye gari lile, upande wa abiria, akiwa ameajiriwa kama kelele. Kichwa nje ya dirisha, alipita Katindiuka akipaza sauti: "Mpungaaa! Mashine imefika!" Akina mama walitoka, wengine kwa ajili ya kumwona tu. "Shikamoo, baba! Kumbe upo?" "Marahaba, nipo, leteni magunia." Gari lilirudi limejaa na yeye amekauka sauti kabisa. Alikula sahani mbili za wali. Nilifurahi, lakini sikujidanganya; mtu aliyekuwa dereva hawezi kuishi kwa kupiga kelele dirishani, na koo lenyewe lisingefika mwisho wa msimu.

Kosa tulilofanya baada ya hapo tulilifanya kwa upendo. Gari lile lilikuja na programu ya kujiendesha. Si kwamba unashuka ukaliacha, hapana. Linatazama mistari ya barabara kwa kamera, linajishika katikati, linapunguza mwendo lenyewe, na wewe unaweka mikono juu ya usukani kwa adabu. Binti aliijaribu programu hiyo akaimudu. Barabara ya Kidatu sasa ina lami na mistari yake inaonekana vizuri, kwa hiyo siku ya kupeleka mchele akamketisha baba yake kiti cha dereva. Mimi nilikaa kiti cha nyuma nikitabasamu kama mama wa bibi harusi.

"Baba, usijisumbue," binti akamwambia. "Wewe kaa tu. Linajua."

Likaondoka. Usukani ukawa unageuka wenyewe chini ya viganja vyake. Alipotaka kulisogeza kidogo pembeni, kama alivyozoea kukwepa ukingo, nilimwona anavutana nalo, kisha anauachia. Mahali fulani watu walikuwa wameanika mpunga kwenye maturubai pembezoni mwa lami, wakaweka matawi mabichi mbele kuwaonya madereva. Kwetu kila dereva anajua tawi barabarani linasema nini: punguza, jitenge, pita. Gari liliona matawi likasimama kabisa, likaanza kulia pi-pi-pi, na mama mwenye reki akanyoosha mgongo kututazama. "Hata majani halijui," mume wangu akasema, na nikaona amefarijika kidogo. Lakini sehemu nyingine zote lilikwenda vizuri. Lilikwenda vizuri kuliko wale madereva wote wa mwaka mzima, taratibu, bila kuyumba, mpaka Kidatu. Na kila lilivyokwenda vizuri, mabega yake yalishuka.

Tuliporudi nyumbani alimpa binti ufunguo. "Gari zuri," akasema. "Halinihitaji. Mnanipakia mbele kama gunia, mengine yako nyuma." Akaenda barazani. Kesho yake hata kelele alikataa kwenda kupiga, akasema koo linamuuma. Binti yangu alilia, na mimi nilimfokea asilie, kisha nikaenda kulia kwenye pumba ambako mashine inazuia watu kusikia. Kiwanja kimekwenda, na mtu wangu yuko palepale anatazama kuku.

Aliyetuokoa ni dada yake mkubwa. Huyu wifi yangu analima mpunga Chita, na ni mtu ambaye hata viongozi wa kijiji humwamkia kwa mbali. Alipiga simu kwamba amevuna, na kwamba mpunga wake hautachukuliwa na binti wala dereva wa kukodi. Utachukuliwa na mdogo wake, mwenyewe, kwa macho yake. Mume wangu akamwambia mguu haufai. Nikasikia sauti ya wifi ikitoka kwenye simu mpaka kwenye mahindi yangu ya kuchoma: "Mimi nimekuomba mguu?"

Asubuhi yake nilimwekea ufunguo juu ya kikombe cha chai. "Leo unaendesha wewe," nikasema. "Usipoendesha, sipiki. Wala si leo tu." Binti akamkumbusha, kwa sauti ya chini, kwamba daktari alishamwona tena na kusema gari la mguu mmoja halina shida. Mume wangu alinitazama muda, akatazama simu, nadhani akapima kati ya mimi na dada yake ni yupi mbaya zaidi. Akachukua ufunguo.

Upande wa Chita lami ni kipande kifupi tu kutoka mjini. Binti aliwasha programu kama kawaida, na gari likajiendesha, na mume wangu akakaa kwenye kiti cha dereva akiwa amenuna, mikono juu ya usukani kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Nilikuwa nyuma nikipanga maneno ya kumwambia wifi yangu endapo mambo yatashindikana.

Ndipo lami ikaisha. Mbele ilikuwa barabara ya vumbi, nyekundu, na makorongo yake yote. Kioo cha taarifa mbele ya usukani kikawaka, pi-pi-pi kwa nguvu, na sauti ya kike ya gari lenyewe ikasema kitu kwa Kiingereza. Gari likaanza kupunguza mwendo.

"Nimeharibu nini?" mume wangu akauliza, ameondoa mikono haraka.

"Hujaharibu kitu, baba," binti akasema. "Halioni mistari. Linasema limefika mwisho wake."

"Limefika mwisho?"

"Ndiyo. Linasema dereva ashike usukani."

Mume wangu aliutazama usukani. Gari lilikuwa linatambaa. "Dereva gani?" akauliza.

"Wewe."

Sauti ikasema tena, maneno yaleyale, na pi-pi-pi. Sikuhitaji tena kutafsiriwa. Mwaka mzima daktari alimwambia aachie, watoto walimwambia aachie, mimi mkewe nilimwambia aachie kwa kumfokea mbele ya watu. Na sasa kitu hiki cha kisasa, ambacho tuliogopa kimekuja kuchukua nafasi yake, kilikuwa kinamwomba ashike. Nilimwona sikio na shavu tu kutoka kule nyuma. "Haya," akaliambia gari, kwa sauti ya mtu anayempokea mtoto aliyechoka kubebwa, "lete." Akashika.

Sijui niseme nini juu ya safari iliyobaki. Nililia mpaka nikaona haya, binti akanipa kanga bila kugeuka. Barabara ile imejaa mashimo, na kuna mahali udongo mweusi ulikuwa bado haujakauka, na yeye aliyapita yote kwa mguu mmoja, akijitenga, akirudi, akilinyanyua kidogo bega la kulia kama enzi za basi. Mguu wa kushoto aliunyoosha pembeni, umestarehe, hauna kazi. Tulikutana na ng'ombe wengi wa wafugaji, akapunguza, akatoa kichwa, akawasalimu Kisukuma, "Mwangaluka!" na mchunga ng'ombe akamjibu huku akishangaa gari lisilonguruma.

Kisha nikasikia mluzi. Nilidhani ni ndege, halafu nikadhani ni gari. Alikuwa yeye. Mluzi mtamu, wa wimbo wa mavuno, unapanda na kushuka pamoja na barabara.

"Wewe!" nikamwambia. "Tangu lini unapiga mluzi?"

"Tangu zamani. Nikiwa naendesha."

"Mbona sijawahi kukusikia?"

"Ungenisikiaje, mama watoto, na injini ile?"

Miaka yote nimekaa kando ya mtu huyu ndani ya dizeli, nikizungumza kwa kupaza sauti, na kumbe alikuwa na wimbo. Tulipofika Chita wifi yangu alikuwa tayari amesimama njiani na magunia yake, mikono kiunoni, wakati hatujapiga hata honi. "Nimekusikia toka kule kwenye miembe," akamwambia mdogo wake. "Hujabadilisha hata wimbo." Nilimwonea wivu siku nzima.

Katindiuka sasa wanatoka kwa mluzi. Akikaribia anashusha vioo vyote, anaanza, na magunia yanaburutwa. Hakuna tena aliyekauka koo. Nami jikoni nimerudishiwa saa yangu: gari halisikiki, lakini mluzi unakunja kona ya sokoni kabla yake, nami nabandika maji. Barazani wamebaki kuku.

Gharama nazo nizitaje, maana binti yangu atasoma. Umeme ni nafuu kweli, alikuwa na haki. Tairi, hakuniambia. Gari ni zito kwa sababu ya betri, na kwa vumbi letu tairi zinalika haraka mno. Siku niliponunua mpya niliumwa kichwa. Kwa hiyo nilikuwa na hasira tayari kile kioo cha taarifa kilipotoa tangazo kwamba muda wa bure wa ile programu ya kujiendesha umekwisha, tulipie ya mwaka au izimwe.

"Si lazima, mama," binti akasema. "Kwetu inafaa barabara ya Kidatu tu, na baba akienda Kidatu anaizima. Tutakuwa tumeokoa hela."

Hilo lilikuwa kweli. Akienda Kidatu anaendesha mwenyewe toka mwanzo mpaka mwisho. "Na akienda Chita?" nikauliza.

"Chita huwa anaiwasha," binti akakiri. "Kile kipande kifupi cha lami. Sijui kwa nini."

Mume wangu alikuwa anafuta kioo cha gari ambacho kilikuwa safi tayari. Hakugeuka. Aliendelea kufuta palepale.

Mimi ni mwanamke ninayegombana na muuza nyanya kwa ajili ya nyanya moja. Nililipia mwaka mzima, na nikamwambia binti asiniulize.

Tukienda Chita huwa nakaa nyuma na kutazama nje, nikijifanya sioni. Lami ikikaribia kuisha, mume wangu hulegeza mikono juu ya usukani na kusubiri. Ile sauti inamwambia dereva ashike usukani. Anashika, na mluzi unaanza.